Shamba Lisilopandwa Mti

Mama yangu alilima shamba moja karibu maisha yake yote ya utu uzima, na katika muda huo wote hakupanda humo hata mti mmoja. Si kwamba hakuipenda miti. Alikatazwa. Shamba lilikuwa mlimani juu ya Kasha, pale nyumba za Bagira, pembeni mwa mji wa Bukavu, zinapokwisha na vijia vya mashambani kuanza, na halikuwa lake. Alilikodi kwa mtindo ambao sisi Bashi tunauita bwasa. Kila msimu unampelekea mwenye ardhi malipo yake na kitu cha kunywa, mnaongea habari za familia, mwishowe anakuambia sawa, lima. Msimu ukiisha unarudi kumwomba upya kana kwamba hamjawahi kuonana.

Katika bwasa unapanda kile kitakachovunwa msimu huohuo: maharage, mahindi, viazi vitamu. Mgomba hapana, kahawa hapana. Hata muhogo unaleta maneno, kwa sababu unakaa ardhini muda mrefu. Na mti ndiyo usiseme. Kwetu aliyepanda mti ametangaza, bila kufungua kinywa, kwamba yeye haondoki hapo tena. Watu wa mbali wakisikia hivyo hudhani ni ushirikina, na mimi huwa nakasirika. Hakuna mzimu wowote hapo. Ni mambo ya mali. Zamani aliyempa mwami, mfalme wetu, ng'ombe alipata kalinzi, yaani ardhi yake na ya wajukuu zake, na huyo akipanda msitu mzima hakuna wa kumuuliza. Asiye na ng'ombe aliazima. Babu yangu hakuwa na ng'ombe siku alipohitajika kuwa naye, na hasira yangu juu ya ng'ombe huyo ambaye hakuwepo haijaisha mpaka leo.

Shamba hilo ndilo lililotulisha baba alipofariki, na ndilo lililonilipia shule. Lakini kwa mama lilikuwa zaidi ya chakula. Aliposema "naenda kwangu", hakuwa na maana ya nyumbani. Alikuwa na maana ya kule juu. Kule alikuwa na jiwe lake la kukalia, majirani zake wa mipaka, ugomvi wake wa miaka mingi na mwanamke mmoja juu ya mstari wa viazi, na kicheko ambacho huku chini hatukukisikia mara nyingi.

Huku chini kulikuwa na nyumba yetu ya mbao, kwenye kiwanja ambacho baba alikinunua kabla hajafa, chini kabisa ya mlima huohuo. Kati ya nyumba na shamba kulikuwa na korongo, ravini kwa maneno yetu. Nilipokuwa mdogo lilikuwa mfereji tu, tuliuruka tukicheza. Lakini mlima mzima ulikuwa wa bwasa, kila msimu unapigwa majembe kutoka juu mpaka chini, hauna mti wa kushika chochote, na mvua za Bukavu mnazijua. Korongo likapanuka. Likala jiko la jirani, halafu likala choo chetu. Mimi nilikuwa tayari na watoto wawili ndani ya nyumba hiyo, na kila mvua ilipoanza nilitoka na mwavuli kwenda kuangalia ukingo umefika wapi. Udongo uliotulisha juu ndio uliotujia chini ukiwa potopoto, na mama yangu alikuwa mmoja wa wale walioulegeza kwa jembe. Hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo. Mimi nilijaribu mara moja, nikala maneno yangu pamoja na ugali.

Nilikuwa nimesoma maendeleo vijijini, nikamaliza, halafu nikakaa sokoni Nyawera miaka mingi chini ya mwavuli nikiuza vocha za simu katikati ya wapakizi na vijana wa moto, yaani pikipiki za abiria. Kwa hiyo proje, yaani mradi wa kupanda miti, iliponichukua kuwa mhamasishaji, niliona Mungu amenikumbuka. Mkuu wetu alikuwa agronomu, mtaalamu wa kilimo, mtu mwema, mpole, mwenye buti safi. Alitufundisha namna ya kuwaeleza watu. Mlima unaufanyia mji kazi, alisema. Unashika udongo, unachuja maji, unazuia matope yasijae ziwani na kwenye mabwawa ya umeme ya Ruzizi. Mji unafaidi kazi hiyo bure. Basi wale wa chini wanaofaidi watoe kitu kidogo kwa wale wa juu wanaopanda miti na kuitunza, na kila mtu atapata nafuu.

Niliamini. Ninaamini mpaka leo, nikiangalia hesabu yake peke yake. Lakini huyo wa juu ni nani? Ni yule mwenye jembe, au ni yule mwenye ardhi? Nilimuuliza mkuu, nikamweleza na habari za bwasa. Akajikuna kidevu. Akasema wenye ardhi watahamasishwa baadaye, ila mvua haingoji mtu, na miche imeshakua kitaluni, ikikaa zaidi itaharibika. Kisha akanipangia mlima wetu, kwa sababu mimi ni mtoto wa pale na watu watanisikiliza. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi michache tu, unaongezwa au hauongezwi. Nami nilikuwa na bwasa yangu, ila yangu ilikuwa na mhuri.

Siku ya mkutano wanawake walikaa kwenye majani, mama yangu mbele kabisa, amekunja mikono. Nilisema yote niliyofundishwa. Nilipomaliza akainua kidole kama mwanafunzi.

"Madame Proje," akasema, na wenzake wakaanza kucheka kabla hajaendelea. "Hii miti itakuwa ya nani?"

"Itakuwa ya ule mwenye anaichunga, Maman."

"Miye nachunga maharagi."

Mkutano ukaishia kwenye vicheko. Jioni tulikaa jikoni, mimi na yeye, watoto wakiwa kwa jirani.

"Maman, ukikataa mbele ya batu, na bengine batakataa. Nitapoteza kazi."

"Na nikikubali, nitapoteza shamba."

"Na ravini? Hauoni imebakia kidogo tu ifike ku mulango?"

"Nyumba ya mbao ikibomoka tutajenga ingine. Shamba ikienda, utanijengea ingine?"

Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikikaa na kazi yangu, mama anakosa shamba. Mama akikaa na shamba lake, korongo linaingia chumbani kwa watoto wangu, na kazi nakosa juu yake. Nilizunguka humo kichwani mpaka nikachoka, na kila nilipozunguka nilirudi palepale, kwenye kigoda kilekile, mbele ya mwanamke yuleyule aliyenizaa.

Basi fikiria furaha yangu siku ya kugawa miche, nilipomwona mama amefika wa kwanza na beseni kichwani. Alichukua yake, akashukuru, akapanda mlima. Na wengine wakafuata nyuma yake, hata yule wa ugomvi wa viazi. Wakachimba mashimo kwa mistari ya kukata mteremko, vilevile tulivyowaonyesha, wakaweka miti, wakafukia, wakakanyagia udongo. Mkuu alipiga picha nyingi. Mimi nilimnunulia kila mtu soda kwa pesa yangu mwenyewe, na nikalala usingizi mzito kama mtu aliyepona homa.

Mvua ikanyesha vizuri, maharage yakapanda, lakini miti ikabaki vilevile. Majani yakawa manjano. Mkuu alisema labda ni udongo umechoka, akaagiza mbolea. Nami nilikuwa karibu kukubali kwamba ni udongo, mpaka siku niliyokwenda kumsaidia mama kuvuna. Nilikuwa natembea kinyumenyume nikivuta mashina ya maharage, nikaugonga mti mmoja kwa kisigino. Ukang'oka wenyewe. Nikauokota ili niurudishe shimoni, na nilipoushika nikaona mfuko mweusi wa plastiki, ile sashe ya kitaluni, iko palepale, haijachanwa hata kidogo, na mizizi imejizungusha ndani yake kwa kukosa pa kwenda. Nikavuta wa pili, nao una sashe. Nikavuta wa tatu. Mstari mzima ulikuwa hivyo.

"Maman, ni nini hii?"

Hakuacha kuvuna. "Ni miti yenu."

"Haukutoa sashe!"

"Ningeitoa ya nini? Muti mwenye iko mu sashe haijapandwa. Imewekwa tu. Mwenye shamba akikuya, nainua, namuonesha. Angalia, Papa, nilikuwa nachunga tu mizigo ya batu. Nani atasema nilipanda?"

"Na bengine?"

"Sisi bote. Tulipatana."

Alisema bila haya yoyote, tena kwa sauti ya mtu aliyetatua jambo gumu na anangoja kusifiwa. Miche wameipokea, kwa hiyo hawakunitukana mbele ya wakubwa wangu. Ardhi hawakuigusa kwa nia ya kukaa, kwa hiyo hawakumkosea mwenye shamba. Wamemridhisha kila mtu isipokuwa mti. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia palepale kati ya maharage, na mama akaniangalia kwa wasiwasi wa kweli, akaniuliza kama nimekula.

Ile niliyoing'oa niliirudisha shimoni, na sikumwambia mkuu. Alipouliza, nilisema miti imesimama, na ilikuwa imesimama kweli. Mpaka leo sioni ni nini kingine ningefanya. Kila mlango niliotaka kuusukuma, nyuma yake alikuwepo mtu wangu.

Halafu wakaja wageni kutoka kwa wafadhili, wawili, kuuona mlima. Mkuu alifurahi sana siku hiyo, buti zake ziling'aa kuliko kawaida. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya misa. Mimi ndiye niliyetafsiri, Kifaransa kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kifaransa, na kazi ilikwenda vizuri mpaka tuliposikia moto ikihangaika kwenye kijia. Alikuwa mwenye ardhi. Mtu amemwambia dukani kwake Nyawera kwamba wapangaji wake wamepanda miti, akafunga duka akapanda kuja kujionea. Ni mzee wa adabu nyingi, koti limepigwa pasi, hajawahi kumpazia mtu sauti. Mama yangu angependa apige kelele. Ule upole wake ndio aliouogopa.

Akawasalimia wageni kwa mkono, mmoja mmoja. Akamgeukia mama.

"Maman, nasikia umepanda."

Wageni walikuwa wanatabasamu wakingoja nitafsiri. Mama akaniangalia mimi, si yeye. Nilijua atafanya nini kabla hajainama. Akainama. Akaushika mti wa kwanza shingoni, akauvuta, akakung'uta udongo, akamwinulia mzee ile sashe nyeusi mbele ya macho.

"Hapana, Papa. Angalia. Haijapandwa."

Akavuta mwingine. Wenzake wakaona, wakatawanyika kila mmoja kwenye kipande chake, wakaanza kuvuta. Wakawa wanang'oa haraka, wanapiga foleni kumwonyesha mzee, "Angalia na yangu, Papa, angalia na yangu." Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Sawa, Maman. Weye ni mutu ya heshima." Nikaona mabega ya mama yakishuka, ameokoa shamba lake.

"Wanafanya nini?" mgeni mmoja akaniuliza.

"Wanamwonyesha mwenye ardhi kwamba hawakumwibia," nikasema. Mkuu akanitazama kwa muda, na nikaona ameelewa kwamba nilikuwa najua.

Mgeni hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliona kuna kutoelewana kidogo tu, akaanza kumweleza mzee, kupitia kinywa changu, miti hiyo ni ya nini, na kwamba anayeitunza atalipwa kila mwaka maadamu imesimama. Nikatafsiri. Mzee akasikiliza kichwa kikiwa upande. Kisha akauliza, kwa adabu yake ileile:

"Banalipa ule mwenye analima, ao ule mwenye udongo?"

Ningeweza kusema uongo? Mkuu alikuwa pembeni yangu na anajua Kiswahili vizuri kuliko mimi. Nikatafsiri swali. Mgeni akajibu kwamba mti unachukua miaka, kwa hiyo lazima awe mtu mwenye haki ya kudumu juu ya ardhi, vinginevyo fedha haina uhakika. Lilikuwa jibu la akili, hata mimi shuleni ningeliandika hivyohivyo. Nikalitafsiri neno kwa neno, na neno kwa neno nikasikia shamba la mama yangu likitoka kinywani mwangu.

Mama alielewa kabla sijamaliza. Mti aliokuwa ameushika akaulaza chini polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, akajifuta mikono kwenye kitenge cha misa.

Mzee hakumfukuza mtu. Hiyo si tabia yake. Aliwaacha wavune mpaka punje ya mwisho. Msimu ulipokuja mama alikwenda kwake na malipo na kinywaji, kama alivyofanya maisha yake yote. Akapewa kiti, wakanywa pamoja, wakaongea habari za familia, halafu mzee akamwambia kwamba safari hii hapana. "Hakuna mubaya yoyote kati yetu, Maman. Ni miti tu." Alinisimulia akiwa amesimama mlangoni, bado amevaa viatu vya kutembelea watu. Sijui kwa nini nilitazama viatu hivyo badala ya uso wake. Labda naijua sababu.

Kwa proje mambo yakawa mepesi. Badala ya wanawake wengi wenye majembe na bila haki, walipata mtu mmoja mwenye ardhi yake na karatasi safi. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake mkuu aliniita, akasema mkataba wangu umeongezwa, na akanishukuru kwa kusaidia kuweka hali wazi. Alisema kwa moyo mweupe. Sijawahi kuchukia shukrani kama nilivyoichukia ile.

Mzee alihitaji mikono ya kuchimba mashimo, akawaita walewale waliokuwa wapangaji wake, kibarua cha siku. Nilimsihi mama asiende. Nilimwambia mshahara wangu unatutosha.

"Nibakie hapa nifanye nini?" akaniuliza. "Nikuangalie weye?"

Akaenda na jembe lake. Nilikuwepo, kazi yangu ilikuwa kusimamia. Nilimwona anavyochana kila sashe kwa kucha, ananyoosha mizizi kwa vidole, anaiweka miti shimoni bila kuzungumza na mtu, hata na yule wa ugomvi wa viazi, aliyekuwa anapanda hatua chache kutoka kwake. Jiwe lake la kukalia liliondolewa siku hiyo kwa sababu lilikuwa kwenye mstari.

Lazima niseme ukweli wote, hata ule usionipendeza. Miti ilishika. Majani yamerudi kwenye kingo za korongo, na maji ya mlimani yanashuka sasa taratibu, yana rangi ya maji. Nyumba yetu imesimama. Tulijenga choo kipya palepale, na mwavuli wa kwenda kuangalia ukingo sijaugusa tena. Watoto wangu hawajui hata kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa. Nikipita na wageni pale juu, naonyesha kwa kidole, naeleza kazi ambayo mlima unaufanyia mji, na hakuna neno moja ninalosema ambalo si kweli. Maharage tunayanunua Nyawera. Mama huyachambua kwa kuyarusharusha kwenye ungo, anasema ni ya zamani, anasema wanayachanganya, anasema hayaivi, halafu anayapika na hayali.

Juzi mvua ya kwanza ya Septemba ilinyesha asubuhi, mvua ile nzuri ya kupandia, isiyo na upepo. Ilipopungua, wanawake wa mtaa walianza kupita mbele ya nyumba na majembe, mbegu zimefungwa kwenye ncha ya kitenge, wanakwenda milima mingine ambako bwasa ingalipo. Mmoja mmoja walimsalimia mama. Alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani, akawajibu wote kwa majina ya watoto wao. Nilikuwa ndani navaa buti. Nikataka kumwambia kitu cha kumfurahisha.

"Maman, unaona? Imenyesha yote ile, na ravini haikutikisika."

"Naona," akasema. Akasikiliza matone yaliyokuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. "Imenyesha muzuri sana. Na miye sina hata jani moja kule inje yenye kulowana."

Nikafunga kamba za buti. Tulikuwa na mkutano wa kwanza kwenye mlima mpya, ule unaotazamana na wetu, na akina mama wa kule walikuwa wameshakaa kwenye majani wananingoja.